Dakika ya Saba

Alhamisi, siku ya nne ya msiba wa Lugano, saa kumi na mbili asubuhi, mama yake mzazi aliinuka mkekani, akakunja shuka lake vizuri, akajifunga tenga mgongoni, akaenda kuchuma chai.

Hebu fikiria. Nyumba imejaa watu. Wanawake wa Ndulilo wamelala sebuleni bega kwa bega, kama ilivyo ada ya pale, maana mfiwa haachwi alale peke yake mpaka matanga yaanuliwe. Wanaume, baba wa marehemu kati yao, wako nje chini ya turubai wanaota moto. Mtoto wa miaka tisa amezikwa jana, homa ya siku mbili tu imemchukua, udongo wa kaburi bado mbichi. Halafu mama anapita katikati ya waombolezaji na tenga lake, anaruka miguu ya watu, anasema "samahani, samahani," kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.

Subilaga, dada yake mkubwa, alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Kisu kilibaki hewani. Alimwona mdogo wake, Tusekile, akipita uani, akisimama kuangalia mawingu, akirudi kuchukua koti la mvua. Koti la mvua! Alikumbuka koti la mvua, mtoto wake hakumkumbuka.

"Mmeona wenyewe," alisema Sekela, dada wa mume wa Tusekile, akiketi na kujifunga kitenge upya. "Tangu Jumatatu namtazama. Chozi hata moja. Jana kaburini, wenzake tunagaragara chini, yeye anawaonyesha vijana mahali udongo ulipobonyea."

"Labda ni mshtuko, wifi," Subilaga alisema.

"Mshtuko gani unaokula sahani mbili za kande?"

Bibi mmoja pale kwenye mikeka aliguna. "Aliyemla mwenyewe atamliliaje?" alisema, na hakuna aliyemkemea. Neno lenyewe halikutajwa. Halikuhitaji kutajwa, kila mtu mle ndani alilisikia.

Sekela alilimaliza. "Jumamosi asubuhi tukishaanua matanga, ukoo utakaa. Ipyana anabaki hapa kwa baba yake. Mama yake mtamchukua nyinyi mliomleta."

Ipyana alikuwa na miaka miwili. Wakati huo alikuwa amelala mgongoni mwa jirani, kidole mdomoni, hajui kwamba ameshagawanywa.

Subilaga aliushika ukingo wa bakuli. Alitamani kumrushia wifi yake bakuli zima la ndizi. Hakurusha, na si kwa sababu ya heshima. Hakurusha kwa sababu alikuwa anajua kitu ambacho hakuna mwingine pale msibani aliyekijua. Mdogo wake hakuwa mchawi. Tusekile alikuwa amezibwa. Na aliyempeleka akazibwe, kwa mkono wake, kwa maneno matamu, ni yeye Subilaga.

Alinawa mikono, akavaa viatu, akapanda kilimani kwenda kazini.

*

Njia ya kwenda Kituo ilipita katikati ya shamba la chai. Juu ya vichwa vya wachumaji zilielea mashine ndogo zenye mabawa manne, wenyewe wamezipa jina la kereng'ende, zinanyanyua matenga, zinapima, zinasoma namba ya mchumaji kwenye bangili, zinaondoka. Kwenye mstari wa tatu Tusekile alikuwa anachuma. Vidole vyake vilikwenda haraka kuliko vya wote. Kereng'ende wa kwanza alikuwa ameshamnyanyulia tenga na jua halijachomoza vizuri.

Alimpungia dada yake mkono. Subilaga hakupunga.

Mwaka mmoja nyuma mkono huo ulikuwa hauwezi kunyanyua kikombe. Mama yao alikuwa amefariki, na Tusekile akalala kitandani miezi minne, uso ukutani, Lugano ndiye anamletea uji na kumwomba anywe. Hiyo ilikuwa sonona hasa, si huzuni ya kupita. Na ndiyo maana huwezi kumlaumu Subilaga moja kwa moja, ingawa mwenyewe alijilaumu mchana na usiku. Alikuwa anafanya kazi mahali penye dawa. Angefanyaje?

Kituo cha Utafiti wa Ubongo kilikuwa kwenye kiwanda cha zamani cha chai. Ghorofa ya juu, walikokuwa wanaanika majani kwenye vyavu, sasa kulikuwa na vizimba mia tatu vya panya, na mbao zote bado zilinuka chai. Subilaga alikuwa mtunza panya mkuu. Miaka ishirini na mbili. Hakuwa na shahada, lakini aliweza kumshika panya kwa vidole viwili, dole gumba chini ya taya, akampulizia dawa puani kabla panya hajajua kwamba ameshikwa.

Dk. Wenselaus Nyagawa alimkuta anajaza maji kwenye pipa la kioo.

"Mama Ambele, wewe si uko msibani? Nilisema upumzike wiki nzima."

"Leo ni zamu ya namba arobaini na moja, Daktari. Jedwali lako halipumziki." Alipima joto la maji, akatundika taulo begani, akaivaa shingoni ile saa ya kuhesabia. "Nimekuja kuomba dawa ya kufungua. Chupa moja. Ya mdogo wangu."

Daktari alivua miwani. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliomtia Subilaga hasira zaidi ya yote.

"Keti kwanza," alisema.

"Sikai."

Namba arobaini na moja alikuwa dume jeupe, mwenye jicho moja lenye ukungu, aliyezibwa wiki mbili zilizopita. Subilaga alimtumbukiza majini, akabonyeza saa.

Yeyote aliyewahi kuingia kwenye chumba kile analijua jaribio hilo. Pipa ni refu, panya hawezi kutoka wala kugusa chini. Mwanzoni anaogelea kwa fujo, anakwaruza kioo. Baada ya muda anaacha, anaelea, pua juu, mguu mmoja tu unatikisika. Mtu anahesabu sekunde za kuelea, na kwenye jedwali sekunde hizo zimeandikiwa jina: kukata tamaa. Dakika sita zikiisha, panya anatolewa, anakaushwa, anarudishwa kizimbani.

Sasa, ndani ya ubongo seli za fahamu hutumiana habari kwa vipande vidogo vya protini vinavyoitwa neuropeptidi, na kila kipande kina mahali pake pa kutua kwenye seli inayopokea. Mahali hapo ndipo panapoitwa kipokezi. Nyagawa alimaliza miaka kumi na moja akikisaka kimoja, akakiita kipokezi cha saba, kwa sababu panya wenye sonona walikuwa navyo tele kuliko wenzao. Akatengeneza dawa ya kukiziba. Unapuliziwa puani mara moja, inafanya kazi mwaka mzima. Akaiita Nafuu. Panya waliopewa Nafuu hawakuelea hata sekunde moja. Waliogelea dakika zote sita, na siku hiyo Daktari alilia mbele ya wafanyakazi wote kwa furaha. Subilaga alilia naye. Alikuwa mjinga kiasi hicho.

"Mdogo wako anaendeleaje?" Daktari aliuliza.

"Anaendelea vizuri sana. Mtoto wake amekufa na yeye anachuma chai."

Daktari alivaa miwani tena.

"Nilikwambia," Subilaga alisema. "Mwaka juzi nilikwambia kuhusu mapanya majike. Nilisema, Daktari, ukiwatoa watoto kizimbani huyu mama hawatafuti. Ukiwarudisha hawakusanyi. Anawakanyaga akienda kwenye chakula. Ukanijibu nini?"

"Sikumbuki."

"Ulinijibu hakuna safu ya hilo kwenye jedwali."

"Na haikuwepo," Daktari alisema, na safari hii upole ulipungua. "Tulikuwa tunapima kitu kimoja. Huwezi kupima dunia nzima kwa pipa moja. Unadhani mimi nafanya haya kwa kupenda sifa? Mama yangu alikata tamaa nikiwa darasa la tano. Mimi ndiye niliyemkuta. Kama kungekuwa na Nafuu siku ile, ningekuwa na mama."

"Ungekuwa na mtu anayepika."

Hilo lilimpata. Subilaga aliona lilivyompata, na hakuona huruma hata kidogo. Huruma yake yote ilikuwa imebaki kule mstari wa tatu.

Daktari alisema polepole, "Dawa ya kufungua tumeijaribu kwa panya tisa. Wawili waliacha kula wakafa. Siwezi kumpa mtu dawa inayoua wawili katika tisa."

Hapo ndipo Subilaga alipotakiwa kusema jambo ambalo alikuwa ameapa atazikwa nalo. Alilisema akitazama maji.

"Utaratibu wako unataka kila panya akae kizimba chake. Jioni ile tulipowafungua, ulipoondoka, nilibaki nafagia. Masikio ya mtu hayasikii panya akilia, lakini ile mashine ya sauti ukutani ilikuwa inachora mistari mpaka inatoka nje ya karatasi. Wote tisa. Wanalilia watoto tuliowachukua miezi mitatu nyuma. Nikashindwa. Nikampa kila mmoja panya mwenzake wa kulala naye, anayemjua, aliyekuzwa naye. Saba walikuwa na wenzao. Wawili wenzao walishakufa, nikawaacha vile vile. Asubuhi kabla hujafika ninawatenganisha. Nilifanya hivyo siku kumi."

Daktari alimtazama kana kwamba amemtemea mate.

"Umeniharibia jaribio."

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na mbili nakuamini wewe kuliko watu wenye vyeti."

"Nifukuze kesho. Leo nisikilize. Waliokufa ni wale waliolala peke yao. Na mdogo wangu leo amezungukwa na wanawake arobaini kwenye mikeka. Jumamosi asubuhi wanakunja mikeka wanakwenda kwao, na mtoto wake wa pili anachukuliwa. Baada ya hapo ukimfungua, unamfungulia kwenye nyumba tupu."

Saa ikalia kifuani pake. Dakika sita.

Subilaga hakusogea. Taulo lilikuwa begani. Mikono aliikunja.

"Mtoe," Daktari alisema.

"Wa nini? Hajakata tamaa."

"Mama Ambele."

"Andika kwenye jedwali lako. Anaogelea. Mzima kabisa huyu."

Walisimama hivyo, watu wazima wawili, pipa katikati yao. Dakika nane. Dakika kumi na moja. Namba arobaini na moja alizunguka, alikwaruza, alizunguka. Kila pumzi ilitoka na maji. Dakika ya kumi na tano miguu ya nyuma ilianza kushuka, na ya mbele ikaongeza kasi.

"Panya mzima angekuwa anaelea sasa," Subilaga alisema. Alisema kwa hasira, na kwa huruma ya yule mnyama ambaye alikuwa amemlea tangu hajafungua macho. "Nimewatazama maelfu. Kuelea siko kukata tamaa, Daktari. Anapumzika. Anatunza nguvu, anasubiri mkono. Wewe uliziba mahali pa kupumzikia, ukapaita ugonjwa. Tukakupigia makofi, na mimi nikampeleka mdogo wangu."

Dakika ya ishirini na moja panya alizama. Hakuelea kwanza. Alitoka kuogelea akaenda chini, miguu bado inakwenda.

Aliyetumbukiza mkono ni Daktari. Alitumbukiza mpaka kwapani, shati, saa ya mkononi na vyote, akamtoa, akasimama naye hajui amfanye nini. Subilaga akampokea, akamgeuza kichwa chini, akamkung'uta, akamsugua kwa taulo mpaka akakohoa. Akamlaza kwenye taulo kavu. Miguu iliendelea kupiga maji ambayo hayakuwepo.

Walimtazama kwa muda mrefu.

Mwishowe Daktari alikwenda kwenye jokofu, akarudi na chupa ndogo ya bluu. Hakuiachia mara moja.

"Sheria ya utafiti ni moja na hiyo siivunji. Mpaka aombe mwenyewe, kwa kinywa chake. Usimwombee. Ulishamwombea mara moja."

Hilo lilikuwa kweli, na Subilaga alilijua. Alichukua chupa akashuka kilima.

*

Ijumaa mchana mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha ile ya kwao, isiyo na haraka wala mwisho. Usiku kucha Subilaga alikuwa amelala kwenye mikeka na chupa sidiriani, akitafuta maneno, na hakuyapata. Aliingia chumbani kwa mdogo wake hivyo hivyo, bila maneno.

Tusekile alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Wifi amesema Ipyana anabaki," alieleza. "Kwa hiyo nampangia. Kiatu kimoja sikioni, dada. Waambie waangalie chini ya kabati."

Alisema hivyo. Akalainisha gauni dogo la njano kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine.

"Tuse, kaa. Nina jambo. Ile dawa niliyokupeleka, nilikwambia ni ya usingizi."

"Najua haikuwa ya usingizi. Nilisoma ile karatasi baadaye."

"Hukunikasirikia?"

Tusekile alifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Hapana," alisema. "Nilikuwa nimeshapona."

Subilaga alimwambia yote. Kipokezi, panya majike, mashine ya sauti ukutani, saba waliopona na wawili waliokufa. Hakuficha hata moja, maana kuficha ndiko kulikowafikisha pale. Akaitoa chupa.

"Ukinipulizia itakuwaje?"

"Utaumia. Sijui kiasi gani. Ya Lugano yote itakuja kwa pamoja, na ya mama labda, na ule ugonjwa wako wa zamani unaweza kurudi. Sikudanganyi tena."

"Na nisipotaka?"

"Utabaki hivyo mpaka mwaka uishe. Kesho watamchukua Ipyana."

"Nikibaki hivi, wakimchukua, nitaumia?"

"Hapana."

"Basi sitaki," Tusekile alisema. Hakusema kwa ukaidi. Alisema kama unavyokataa chai kwa sababu umeshakunywa. "Nani anataka kuumia, dada? Wewe ungetaka?"

Akarudi kwenye nguo.

Subilaga alikuwa amekasirika tangu Jumatatu, lakini hasira ya sasa ilikuwa nyingine. Alimkasirikia Nyagawa na sheria yake, inayomtaka mtu aombe kwa kiungo kile kile walichokiziba. Alimkasirikia Sekela. Alimkasirikia marehemu mama yao kwa kufa. Na alimkasirikia huyu mwanamke mtulivu anayekunja gauni, aliyekaa ndani ya mwili wa mdogo wake kana kwamba amepanga chumba. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Ukashika shingo ya Tusekile kwa nyuma, dole gumba likajikuta chini ya taya. Chupa ilikuwa kwenye mkono mwingine. Sekunde mbili. Ameifanya mara elfu ngapi?

Tusekile hakushtuka. Alitulia, macho wazi, anangoja, kama wanavyongoja wale wote waliozibwa.

Subilaga akamwachia. Aliketi sakafuni, mgongo kitandani, akaweka chupa kati ya miguu yake.

"Nisamehe," alisema. "Mara ya pili siwezi. Ukikataa umekataa."

Mvua ilipiga bati. Sebuleni wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa tenzi, wamechoka, sauti zinapishana. Tusekile aliacha kukunja. Uso ulimkunjika kidogo, kama mtu anayepiga hesabu ambayo namba moja imefutika.

"Asubuhi kabla ya mvua nimeanika viatu vya Lugano juani," alisema. "Vya shule. Vililowa. Nikavianika, nikavigeuza. Halafu nikajiuliza navianika ili avae nani. Nikaona sijui. Nikaviacha pale pale. Hilo si jambo la kawaida, au siyo?"

"Si la kawaida."

"Yule niliyekuwa mimi kabla hujanipeleka kule. Alikuwaje na yule mtoto?"

"Lugano akipiga chafya usiku, wewe unaamka. Alipoanza shule ulimfuata nyuma mpaka darasani, ukijificha kwenye chai, asikuone akaona haya. Hata ukiwa unaumwa, umegeukia ukutani, alipokuwa anakuletea uji ulikuwa unamshika kidole, humwachii."

"Yeye angetaka kulia?"

Subilaga alitikisa kichwa kukubali.

"Mimi sitaki," Tusekile alisema. "Lakini mtoto ni wa yule. Basi mpe yeye." Akanyoosha shingo, akafumba macho. "Naomba. Nimesema kwa kinywa changu."

*

Subilaga alifungua mlango wa sebuleni kwanza. Wimbo ukakatika.

Aliwaambia mbele ya wote, amesimama, kitenge kimelegea na hana habari. Kwamba Tusekile alipewa dawa Kituoni, inayoziba huzuni. Kwamba aliyempeleka kwa uongo ni yeye. Kwamba anamfungua sasa hivi, na akifunguliwa akiwa peke yake anaweza kufa.

"Mnitukane baadaye, nitakaa niwasikilize mpaka mchoke," alisema. "Sasa namhitaji kila mtu aliyelala kwenye mikeka hii. Mtu asiondoke."

Sekela alikuwa ameinuka. "Na ikiwa unamtetea tu ndugu yako?"

"Basi kesho mchukueni Ipyana na mimi msinijue tena. Lakini umemla mdogo wangu kwa maneno siku tano, wifi. Njoo ukae karibu umwone."

Hakuna aliyewahi kumsemesha Sekela hivyo kwenye nyumba ya kaka yake. Alimkata Subilaga jicho. Kisha akakaa, mkeka wa mbele kabisa, karibu kiasi cha kuona vizuri.

Tusekile aliletwa akaketi katikati. Dole gumba chini ya taya, taratibu safari hii. Pumzi moja kila tundu la pua. Na kwa mazoea tu ya miaka ishirini na mbili, Subilaga akabonyeza ile saa iliyokuwa bado shingoni pake.

Dakika ya kwanza Tusekile alipangusa pua. Ya pili alisema maharage jikoni yanaungua, mtu akayageuze. Ya tatu akatazama watu waliomzunguka, mmoja mmoja, kama aliyeamka kwenye nyumba ngeni. Sekela alikuwa amekunja mdomo, tayari na neno lake.

Dakika ya nne Tusekile aliuliza, "Lugano ameshakula?"

Alijisikia mwenyewe alichouliza. Kilimfikia polepole, ukakiona kinavyoingia usoni, kwenye mabega, kwenye mikono iliyoanza kutafuta kitu mapajani.

Sauti iliyomtoka haikuwa na neno ndani yake. Wanaume chini ya turubai walisimama. Mtoto Ipyana akaanza kulia mgongoni mwa jirani. Tusekile alianguka kifudifudi, akainuka, akamwona dada yake, akamrukia. Alimpiga kwa ngumi zote mbili, kifuani, usoni, mdomoni. "Amekufa sikuwepo," alisema. "Nimemzika sikuwepo. Umenipeleka wapi wewe. Alikuwa ananiita, dada, ananiita nami namwambia nyamaza ulale. Umenipeleka wapi."

Subilaga hakuinua mkono kujikinga. Mdomo ulipasuka, damu ikamshuka kidevuni, na yeye akawa anasema ndiyo, ndiyo, mimi, nipige.

Saa ikalia. Dakika sita.

Wanawake wawili walikuwa wameshainuka kumshika Tusekile, wamtoe nje apate hewa, kama wanavyofanya watu wema.

"Mwacheni," Subilaga alisema. "Huyu hatolewi."

Nguvu zikamwisha Tusekile ghafla. Ngumi zikafunguka, zikabaki zimeng'ang'ania nguo ya dada yake, mwili ukalegea, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alitulia bila kufanya kazi yoyote, kichwa juu, akivuta pumzi ndefu zinazokatika.

Aliyesogea wa kwanza ni Sekela. Alikuja kwa magoti, akilia kwa sauti, akakivua kitenge chake akamfunika mke wa kaka yake miguu. Akageuka kwa wengine, na hasira yake ya siku tano haikuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Mnatazama nini?" alisema. "Sogeeni. Mpeni nafasi alale katikati."

Wakasogea. Subilaga alilala pale pale alipokuwa, ngumi za mdogo wake zikiwa bado kwenye nguo yake. Saa shingoni ilikuwa inaendelea kuhesabu, dakika ya saba. Akaizima.